Mguu wa Shekuwe na Punda wa Tajiri

Aliondokea mchukuzi mmoja, jina lake Shekuwe, akimbebea mawe ya ujenzi tajiri Bwanakombo. Punda walikuwa wa tajiri, ila hakupenda harufu ya zizi, basi kila mchukuzi jioni alikwenda na punda anayemtumia, akamfunga kwake.

Siku moja jiwe likaporomoka, likamvunja Shekuwe mguu. Akajikongoja kwa tajiri kuomba gharama za mganga na chakula cha wanawe mpaka apone.

"Kwani mimi nakujua?" tajiri akamuuliza.

"Bwana, juzi tu umenigombeza."

"Nawagombeza wengi. Nenda kashtaki."

Ijumaa, watu walipotoka kusali, Shekuwe akamshtaki kwa imamu, pale pale barazani.

"Maalim, huyu simjui," tajiri akasema. "Hajapata kushika kamba ya punda wangu hata mmoja."

Shekuwe akainamisha kichwa. "Astaghfirullahi, basi nimemsingizia mtu. Niwie radhi, bwana. Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Maalim, umesikia?"

"Nimesikia, na jamaa wote wamesikia."

"Alhamdulillahi," akasema Shekuwe. "Maana nyumbani kwangu kuna punda mweupe, mnene, nami nilikuwa namwogopa Mungu nikidhani ni wa bwana huyu."

Tajiri akashtuka. "Yule ni wangu. Nilimpa abebee mawe."

"Basi chagua, bwana. Punda na mguu, vyote vyako au vyote vyangu."

Tajiri akautibu mguu, akawalisha na watoto. Na tangu siku ile, kila wakipishana njiani, yeye ndiye wa kwanza kumsalimu Shekuwe, tena kwa jina lake.