Kengele ya Mbuzi wa Kadzo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya uvivu hiyo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, katika kijiji nisichokitaja jina, kulikuwa na mama mmoja akiitwa Kadzo. Alikuwa na mbuzi mmoja tu, aliyeachiwa na marehemu mama yake. Mbuzi akazaa, akafa. Kadzo alilia kama aliyefiwa na mama mara ya pili. Akamzika nyuma ya zizi, na kwa mapenzi yake akamwachia kengele shingoni.

"Nenda na pambo lako," akamwambia.

Kosa ndilo hilo. Tulieni, mtaliona.

Kikabaki kitoto, jike, kibaridi kama chungu kilicholala nje. Kadzo akaomba dang'a, maziwa mazito ya kwanza, kwa jirani ambaye mbuzi wake alikuwa amezaa. Akayatia kwenye kibuyu, akafunga kitambaa mdomoni kiwe chuchu.

Kitoto kikanyonya. Fyo! Fyo! Mara, mchana kweupe, nyuma ya zizi: ngili, ngili, ngili.

Kitoto kikaachia chuchu. Kikageuza shingo kule. Kikatulia tuli, masikio yamesimama, maziwa yanachuruzika kidevuni.

Kadzo akatoka mbio. Hakuna mtu. Hakuna mbuzi. Ni lile kaburi tu, na nzi hawatui juu yake.

Kesho yake, kibuyu kikiinuliwa tu, ngili, ngili. Siku ya tatu kitoto hakikuweza kusimama. Kikajikokota kwa magoti, kinaelekea kule kule. Kadzo akaogopa. Akaenda kumwita Bi Nyamvula.

Bi Nyamvula alikuwa mkunga, wa watu na wa mifugo. Maneno machache, ukali mwingi. Akakitia kitoto kidole kinywani.

"Kimepoa. Ukikinywesha hivi utakizamisha. Kipashe moto kwanza."

Kadzo akakifunga kifuani mpaka kikapata joto. Akainua kibuyu. Ngili, ngili.

Bi Nyamvula akasikia. Hakushtuka. "Kengele ya mama yake iko wapi?"

"Nimemzika nayo, bibi."

"Kwetu tunavua kengele ndipo tunazika. Hukufunzwa?"

"Nilifunzwa. Nilimwonea huruma."

"Na huyu uliyempakata, nani amwonee?"

Wakafukua. Kwa! Kwa! Udongo wa juu baridi, wa chini una joto. Mbuzi alikuwa vile vile alivyolazwa, ila kichwa. Kichwa kilikuwa kimegeukia zizini. Kadzo hakukilaza hivyo.

"Usimwogope," akasema Bi Nyamvula. "Ni mzazi. Anamwita mwanawe aje anyonye. Hajui kwamba hana maziwa tena."

Akainama, akamwambia yule mbuzi, "Tupe. Tutamwita sisi." Kamba ikafunguka yenyewe.

Akaifunga kengele kwenye mkono wa Kadzo, mkono wa kibuyu. Ngili, ngili. Kitoto kikageuza shingo, safari hii kwa Kadzo. Fyo! Fyo! Mpaka kibuyu kikakauka. Nyuma ya zizi, kimya.

Miaka ikapita. Zizi likajaa mbuzi. Bi Nyamvula naye akafa, na bangili zake za shaba mkononi, zile ambazo kila mtoto aliyezaliwa kijijini alizisikia kabla ya sauti yoyote. Wanawe wakasema azikwe nazo.

Kadzo akapenya katikati ya waombolezaji. Akazivua, moja moja, huku analia.

Binti wa marehemu akafoka, "Unamwibia maiti?"

"Dada, mtazame mwanao."

Kichanga kilikuwa mgongoni mwa binti huyo. Tangu asubuhi hakikulia, hakikunyonya. Kilikuwa kimemkodolea marehemu.

Kadzo akamvalisha binti bangili. Zikalia. Kichanga kikageuza shingo kwa mama yake, kikaanza kulilia titi.

Basi, wanangu, marehemu tunamlilia, tena tumlilie sana. Lakini kinachomwita mtoto hatukifukii. Hadithi yangu nami naivua kengele hapa. Mwenye mtoto mdogo nyumbani aichukue.