Waya Uliopita Juu ya Bati

Haya, sogeeni. Leo sileti hadithi ya kulalia, naleta kesi. Atakayesinzia ndiye nitakayemuuliza wa kwanza.

Katika hospitali moja ya wilaya huko kusini, msiniulize ipi, walikuwapo vibarua watatu wa mitambo ya kompyuta. Somoe alijua kuipanga mitambo mpaka ikaelewana. Mbaraka alikuwa na jicho, kasoro haimpiti. Wa tatu, dada aitwaye Sikudhani, alikuwa na ubishi, na msicheke, ubishi nao ni kipaji. Ajira ya kudumu ilikuwa moja tu, na wote watatu waliitaka kufa na kupona.

Kazi yao ilikuwa kuunganisha ofisi kuu na jengo la upasuaji, kila mmoja avute waya wake kutoka swichi hadi swichi, yaani vile visanduku vyenye matundu ya kuchomekea. Kila mmoja akafunga kipande chake cha kanga kwenye waya wake, wakawekeana mwiko: usiguse waya wa mwenzio.

Somoe na Mbaraka walipitisha zao kwenye mtaro mmoja. Sikudhani akagoma. "Mtaro mmoja? Likija sururu moja tumekwisha wote!" Akapanda juu ya bati, jua la utosi, akababuka viganja, lakini waya wake ukapita njia ya peke yake.

Somoe naye akakaa kwenye kompyuta, akazifanya waya zote tatu kuwa kundi moja. "Sasa swichi inaziona kama waya mmoja mnene," akasema. "Mmoja ukikatika, mzigo unahamia kwa wenzake hapo hapo." Ila kundi lina sharti. Matundu yote yaende kwa kasi moja, na tundu lisilolingana linawekwa kando bila kelele.

Tundu la Sikudhani halikulingana. Alilipanga kwa kasi ya chini, haraka zake tu, taa ikawaka, akaridhika. Masika nzima waya wake ulikaa bure, za wenzake zikabeba mzigo. Na mdomo, je? Ala! "Mbaraka wewe umezoea kubebwa," alikuwa akimtania mbele ya wauguzi, nao wanacheka.

Ikafika siku ya kumpasua mtoto mchanga mwenye utumbo uliojisokota. Daktari Nambunga angeshika kisu, na bingwa wa mjini angemwelekeza kwa picha inayopita kwenye waya hizo. Asubuhi hiyo Mbaraka alipita kwenye swichi, akaona taa mbili zinakonyeza, ya tatu imetulia tuli. Mwiko ulimkaba kidogo, kisha akauvunja. Akalipanga tundu upya, taa ikaanza kukonyeza na zenzake.

Akamfuata Sikudhani koridoni. "Dada Siku, samahani, nimegusa tundu lako. Lilikuwa nje ya kundi."

Sikudhani akahisi uso unawaka. "Tangu lini?"

"Tangu tulipofunga."

Badala ya asante, akamnong'oneza, "Nakuomba, usimwambie mtu." Mbaraka akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Saa ya upasuaji, bingwa anasema kwenye picha, "Shikilia hapo, usikate bado..." Nje, mafundi bomba wakashusha sururu mtaroni. Waya mbili, kwisha! Picha ikatikisika kidogo tu, sauti ikaendelea, "...haya, sasa kata." Mtoto akapona.

Jioni watu wakakusanyika uani. Mganga mkuu akainua waya wenye kanga nyekundu, kanga ya Sikudhani. "Huu ndio uliobaki! Ajira imeshampata mwenyewe!" Vigelegele. Mama wa mtoto akaja, akashika vile viganja vilivyobabuka, akavibusu. Sikudhani akamtazama Mbaraka. Mbaraka anatazama viatu vyake. Hapo aibu ikampanda mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke.

"Mama, niache," akasema. "Waya huu haukubeba kitu mpaka leo asubuhi. Aliyeutengeneza ni huyu niliyekuwa nikimcheka. Tena nilimwomba afiche."



"Na mimi nimevunja mwiko," Mbaraka akasema taratibu.

"Mwiko gani!" Somoe akamaka. "Bila kundi langu picha ingekatika kisu kikiwa tumboni. Lakini kundi hilo hilo lilimtoa mwenzangu masika nzima, na mimi sikuwahi kwenda kutazama."

"Na asingepanda bati, je?" akauliza muuguzi mmoja. Mama wa mtoto bado hajaviachia viganja vya Sikudhani.

Mganga mkuu amesimama na waya mkononi mpaka leo. Bila bati, hakuna waya. Bila jicho, waya ni kamba tu. Bila kundi, mzigo usingehama. Ajira ni moja. Haya, wewe uliyekuwa ukisinzia: ungempa nani? Na kabla hujanijibu, niambie kweli: vigelegele vile vingekuwa vyako, ungefungua mdomo?