Tuzo ya Wawili Wasiosalimiana

Wapendwa, kulikuwa na maprofesa wawili, Ndeshi na Kabula, wanawake wa rika moja waliotafiti kwenye maabara moja. Swali lao lilikuwa hili: mwili huu umejengwa kwa seli zisizohesabika, kitu gani kinazishikanisha, zisimwagike kama mchanga? Wakakipata! Kila seli ina vishikio vidogo mno vya kumshikia jirani yake, navyo havishiki imara bila madini ya kalsiamu.

Siku ya kuandika ripoti wakagombana. Jina la nani litangulie? Ndeshi alikasirika mpaka akahamisha meza yake. Miaka kumi na moja, korido moja, bila salamu!

Basi ikaja tuzo ya taifa, ya wote wawili. Ndeshi aliruka kwa furaha, kisha akanuna aliposoma jina la pili. Hata hivyo alivaa kitenge kipya, akaenda. Yeye na Kabula wakaketishwa pamoja, mabega yakigusana, kila mmoja akitazama kwake.

Ndeshi akaitwa jukwaani aeleze ugunduzi. Akaeleza kwa madaha, ukumbi ukamshangilia. Mama mmoja akanyoosha mkono.

“Profesa, hiyo kalsiamu ikiondolewa, seli zinakufa?”

“Hapana, mama. Zinabaki hai, pale pale, zimegusana. Ila hakuna inayoishika nyingine.”

Mnadhani alipoinua macho alimwona nani? Maneno yake mwenyewe yalimchoma. Akaiacha maiki, akashuka, akasimama mbele ya mwenzake.

“Kabula, habari za miaka kumi na moja?”

Kabula akamkazia macho. Halafu akaangua kicheko, na machozi humo humo.

“Ni nyingi, mwenzangu! Sogea nikusimulie.”

Wakakumbatiana, vigelegele vikalipuka. Mgeni rasmi alibaki kasimama na tuzo mkononi, wala hakuna aliyemkumbuka.

Ndugu zangu, na sisi je? Kila Jumapili tunabanana kwenye mabenchi haya na kuimba sauti nne. Tumegusana, ndiyo. Tumeshikana? Yupo mtu humu ndani unayemkwepa pale mlangoni tangu ile harusi ya mwaka juzi. Unamjua, naye anakujua. Mahubiri yangu yameishia hapa, lakini baraka sitoi bado. Inuka, mfuate alipokaa, muulize habari zake. Sisi wengine tutawasubiri, hatuna haraka.