Miche ya Bi Mwanamvua

Palikuwa na Sultani wa Vumbani, jina lake Feruzi, aliyepata mtoto wa kiume uzeeni, na furaha ikampanda kichwani. Mtoto hajatimiza hata arobaini, mbiu ikapigwa mji mzima: huyu si mrithi, huyu ni Sultani tangu leo. Yeye mzee mwenyewe aliendelea kuridhika na watu kumwinamishia kichwa, kama ilivyokuwa zamani. Lakini mbele ya mwanawe kila mtu apige magoti, na atakayethubutu kumwita mtoto atakatwa ulimi. Watu wakapiga magoti. Ulimi mtu ameshauzoea, si rahisi kuachana nao.

Sultani mpya akahitaji jumba lake. Jumba likahitaji boriti, milango na ngazi, ingawa mwenye ngazi alikuwa bado hajajua kutambaa. Ndipo mafundi wakaelekezwa kwenye msitu wa kina Mwanamvua.

Bi Mwanamvua alikuwa mjane maskini, mwenye maneno ambayo majirani waliyaogopa kuliko mbwa wake. Msitu wenyewe haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa wao tangu enzi za babu wa babu yake: mivule na mibambakofi, na juu yake mizinga ya nyuki. Asali hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na ndugu zake. Mafundi walikata mpaka mti wa mwisho. Nyuki wakahama bila kuaga. Mwanamvua alikaa juu ya kisiki akalia mpaka macho yakavimba, kisha akainuka kwenda kuokota mbegu kwenye matawi yaliyoachwa chini.

Ilimbidi afanye haraka. Huko Vumbani hapakuwa na hati za mashamba wala mawe ya mpaka. Ukiulizwa shamba lako ni lipi, unaonyesha miti yako, basi, maneno yamekwisha. Ardhi isiyo na mti haina mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Sultani. Sultani Feruzi aliiheshimu sana desturi hiyo, hasa baada ya kukata.

Basi ukoo mzima ukaingia kazini. Mashangazi wakaotesha mbegu katika vifuu vya nazi. Wajomba wakachimba mashimo kati ya visiki, wakigombana kila shimo. Mwanamvua mwenyewe alibeba maji kichwani kutoka kisimani, alfajiri na jioni, na huku akimwagilia aliisemesha miche kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kwa kuwa mengi yalimhusu Sultani. Masika ilipokwisha, miche ilikuwa imeshika vizuri. Ilifika gotini, kwa mtu mfupi.

Asubuhi moja zumari ikasikika. Sultani Feruzi alikuja juu ya punda mweupe, nyuma yake Waziri, na nyuma ya Waziri yaya aliyembeba Sultani mpya chini ya mwavuli. Sultani mpya alikuwa amelala, na maziwa yanamtoka kidevuni. Ukoo mzima ukapiga magoti mbele yake. Mwanamvua naye akapiga, jembe likiwa bado mkononi.

Waziri akatangaza kwamba ardhi hii, kwa kuwa haina mti hata mmoja, tangu leo ni uwanja wa kuchezea wa Sultani mpya, na hawa waliomo watafute pa kwenda.

"Miti ipo, Maulana," akasema Mwanamvua. "Umesimama katikati yake."

Sultani akatazama chini. Punda wake naye akatazama, kwa hamu.

"Hii?"

"Hii hii."

"Bibi, mti hutoa kivuli. Kivuli kiko wapi?"

"Kipo. Ukishuka ukalala chini, Maulana, kitakutosha pua."

Waziri akakohoa. Wajomba wakazidi kuinamisha nyuso mpaka ndevu zikagusa udongo.

"Mti hubeba mzinga," akasema Sultani. "Mti hutoa boriti. Hivi vijiti vyako vitabeba nini?"

"Hii ni mivule na mibambakofi. Kama una shaka na ukoo wake, Maulana, kawaulize wazazi wake. Wako darini kwako."

Sultani akamwambia kwamba hakuja pale kuongea na dari. Alichokiona yeye ni miche. Mche si mti. Mche utakuwa mti, Mungu akipenda, lakini leo si mti, na leo ndiyo siku aliyokuja.

Mwanamvua alijua kwamba akishindwa hapa hana tena mahali pa kutua mtungi. Akauliza kwa adabu sana, "Kwa hiyo, Maulana, kinachotarajiwa kuwa kitu fulani, si kitu hicho mpaka kikue?"

"Si kitu hicho mpaka kikue."

"Hata kama mbegu yake ni bora?"

"Hata mbegu ingekuwa ya dhahabu."

"Mimi ni mtu wa kusahau. Naomba itangazwe kama hukumu, nisije nikabisha tena."

Sultani alifurahi kuona mwanamke huyu amelainika hatimaye. Akampa Waziri ishara. Waziri akajaza kifua hewa, akaitangaza hukumu mpaka walioko kisimani wakaisikia: kinachotarajiwa kuwa kitu, si kitu hicho mpaka kikue, na Sultani amekwisha sema.

Mwanamvua akaweka jembe chini. Akainuka, akapangusa magoti, akawageukia ndugu zake akawaambia wainuke nao. Mashangazi wakainuka kwanza. Wajomba wakatazamana, wakainuka. Ukoo mzima ukawa umesimama wima mbele ya yaya, mikono nyuma, kama watu wanaosubiri chakula.

"Nani amewaruhusu kusimama mbele ya Sultani?" akauliza Feruzi.

"Wewe, Maulana, sasa hivi," akasema Mwanamvua. "Ukisema hii ni miti, tunarudi magotini."