Dhakwani na Nyota ya Suha

Wametusimulia waliotutangulia katika kheri kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mja mwema, Dhakwani bin Rafii, kiongozi wa njia katika misafara ya mahujaji. Jangwa lile halikuwa na njia ya kuonekana, na misafara ilikwenda usiku kukwepa jua, hivyo roho za watu zilikuwa mikononi mwa anayezisoma nyota. Dhakwani, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizijua kama mtu anavyovijua vyombo vya nyumbani kwake.

Ilikuwa ada yao kiongozi apimwe macho kabla ya safari. Katika mkia wa kundi la nyota liitwalo Dubu Mkubwa, ubavuni mwa nyota ya katikati, ipo nyota hafifu mno iitwayo Suha. Asiyeiona hapewi msafara. Mwaka ule Dhakwani alikuwa amezeeka, na Suha alikuwa haioni tena. Lakini alitamani mno kuizuru Al-Kaaba mara moja zaidi kabla ya kufa, na hakuwa na uwezo wa kufika huko ila kwa kazi yake.

Amiri, mkuu wa msafara wote, Sheikh Haritha, akamwuliza mbele ya mahujaji, "Suha iko wapi?"

Dhakwani akainua kidole na kukielekeza pale pale. Kwa miaka yote ile, kingekosea vipi? Bibi Unaisa, mjane aliyesafiri na kaka yake, mwanawe mchanga mgongoni, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa mwanangu atalala nami sina hofu."

Maneno yale yalimchoma mzee. Uongo hakusema, na angenyamaza nani angejua? Akapigana na nafsi yake, kisha akasema, "Sheikh wangu, nimeonyesha mahali ilipo. Kuiona, siioni."

Watu wakaguna. Amiri akamtazama. "Kidole chako kilikuwa sawa. Mbona umejifungia mlango mwenyewe?"

"Usiku wa ukungu ningekisia, nanyi mngenifuata. Nitamjibu nini Mola juu ya mtoto yule?"

Akaanza kukunja mkeka wake, machozi yakimtoka, maana alijua hija imempita. Amiri akamshika mkono. "Rudi, baba. Macho nitayapata kwa yeyote. Mtu wa kuniambia 'siioni' jangwani, huyo sijapata kumwona."

Basi Bibi Unaisa, aliyekuwa na macho makali, akawa anamweleza mzee zilipo nyota, naye mzee akisema njia. Vumbi lilipofunika mbingu alisema, "Sijui, tungojeni," na watu wakangoja bila kunung'unika. Wote wakafika salama. Dhakwani aliposimama mbele ya Al-Kaaba aliona weusi mkubwa tu mbele yake, na ukamtosha, akasujudu.

Ndugu zangu, sisi neno "sijui" linatukwama kooni hata katika mambo madogo. Mzee yule alilitamka akiamini litamkosesha Makka. Mola amrehemu, na azilegeze ndimi zetu.