Kipande cha Hamsini na Nane

Sogeeni, na wewe unayependa kukatiza wenzako, subiri zamu yako.

Maabara moja ya Korogwe ilikuwa na wanawake watatu. Mwajabu alijua kuchora jinsi molekuli inavyovunjika. Namkunda alijua kutayarisha sampuli. Stumai aliijua mashine yenyewe, ile inayovunja molekuli na kupima uzito wa kila kipande.

Bi Mwanahija, muuza dawa za mizizi, alikuwa rumande. Mteja wake alifariki, na dawa ilipopimwa kwenye maabara hiyo ilitoa kipande cha uzito wa 58, sawasawa na kipande cha sumu fulani. Kesi ilibakiza siku tano isikilizwe. Nyumbani binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwao bibi ndiye hutoa jina. Mtoto akakaa bila jina.

Mwajabu alishika penseli siku mbili. Akachora, akafuta, akachora tena.

"Uzito mmoja, njia mbili!" akasema. "Sumu ikivunjika, kipande huondoka na hidrojeni iliyoshikana na oksijeni. Mizizi nayo yaweza kutoa kipande cha 58, ila chake hakina hidrojeni ya namna hiyo."

"Basi hiyo ndiyo nitakayoibadilisha," akasema Namkunda. Aliloweka dawa katika maji mazito, ambayo hidrojeni yake ina uzito wa mbili badala ya moja, na hubadilishana nafasi na ile ya kwenye oksijeni. Ikiwa ni sumu, kipande kitasoma 59. Ikiwa ni mizizi, kitabaki 58.

Mashine ikasoma 58. Namkunda akapiga vigelegele, lakini Stumai akakataa kutia saini.

"Stumai, mama wa watu anateseka ndani!"

"Najua, dada. Nimepitisha na sumu yenyewe, iliyolowekwa vilevile. Nayo imesoma 58 badala ya 59, basi kipimo hiki hakithibitishi kitu."

Unyevu wa masika ulikuwa umeingia kwenye mashine na kurudisha hidrojeni nyepesi. Stumai akafunga madirisha, akafukuza birika la chai, akasafisha njia ya sampuli kwa maji mazito kutwa nzima bila kula. Akapima upya. Sumu ikasoma 59. Dawa ikabaki 58.

Bi Mwanahija akaachiwa. Alimpakata mjukuu wake huku akilia kwa furaha.

"Ataitwa jina la aliyenitoa," akasema. "Ni nani kati yenu?"

"Bila mchoro wangu wangetafuta nini?" akauliza Mwajabu.

"Na bila maji yangu mazito, mchoro ungethibitishwa na nini?" akajibu Namkunda.

Stumai akainamisha kichwa. "Mimi nilikataa kutia saini, nikakaribia kukufunga, mama."

Mtoto ni mmoja, na bibi anangoja. Haya, nyinyi mliosikia yote: mngemwita nani?