Hina ya Mize

“Hina ya kijicho humkolea mpakaji.” Bi Rukia aliwajibu hivyo wajukuu zake walipotoka shuleni na neno la Kiingereza la kumwita mwenye wivu: mwenye jicho la kijani. Mwalimu aliwaeleza kuwa wa kale walimwona mwenye wivu kama mgonjwa, sura imegeuka rangi ya tunda bichi.

“Sisi kijani chetu tulikiona kikigeuka chekundu,” akasema bibi. Methali hii ilianza hivi.

Hapo Siyu aliishi Mize, mpakaji hina hodari. Alimpenda Athmani, fundi wa makubadhi, bila kumwambia mtu. Mize alikwisha kununua kwake jozi saba za makubadhi, na miguu ana miwili tu. Kisha Athmani akamposa Salima, binamu yake Mize, na Mize akaitwa kumpaka hina.

Mtaani waliamini hina ikikolea, bibi harusi atapendwa. Ikipauka, mkwe hununa.

Mize aliikanda hina mbele ya mama yake Salima. Desturi yake ilikuwa kujipaka kwanza mafuta ya nazi mikononi isimshike. Siku hiyo roho ilimchoma, akasahau. Mama alipotoka, Mize aliimwaga ile hina, akatia bakulini majani ya mlonge aliyokwisha kuyatwanga. Kijani kilekile, ila hayaachi rangi. Akachora maua mpaka kwenye kiwiko, taratibu.

“Dada, mkono wako mwepesi,” Salima akasema. “Mungu akupe na wewe wako.”

Mize hakuitikia amina.

Asubuhi Salima alipooshwa, mikono ilitoka kama ilivyoingia. Akaangua kilio.

“Labda ngozi yake haipokei,” Mize akasema, mikono ndani ya leso.

Shangazi yao, Bi Khadi, akamtazama. “Hebu lete mikono yako, mwanangu.”

Shangazi akaifunua leso mwenyewe. Vidole kumi, vyekundu hadi kwenye vifundo.

“Bakuli moja, hina moja,” akasema Bi Khadi. “Imemkataa bibi harusi, imempenda mpakaji. Kwani Athmani anakuoa wewe?”

Wanawake wakacheka. Walipouona uso wa Mize, wakaelewa kuwa mzaha umegusa kweli.

Salima akapakwa upya na mama yake, na harusi ikasogezwa siku moja tu. Ngozi ya Mize ilitakata baada ya wiki chache, lakini kucha zilibaki na wekundu miezi minne. Hakuna aliyemwita tena kupaka. Kila aliponyoosha mkono kupokea kikombe, alijua watu wanasoma nini: hina ya kijicho humkolea mpakaji.